Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi kuhusu utambulisho wa baiskeli

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA ALAMA ZA KIDIJITALI ZA KUZUIA WIZI WA BAISKELI

Ninakuandikia nikiwa fundi baiskeli wa mjini Shinyanga, kazi ninayoifanya kwa mwaka wa kumi na tisa sasa chini ya mwarobaini uleule. Mwaka jana mteja nisiyemfahamu aliniletea Phoenix iliyopakwa rangi nyekundu mbichi, akitaka nimbadilishie cheni. Nilipoipindua nikaona kwenye keria mshono wa kuchomelea nilioutia kwa mkono wangu mwenyewe, katika baiskeli ya muuza maziwa mmoja aliyekuwa ameibiwa miezi miwili kabla. Mteja alieleza kwamba aliinunua mnadani, na huenda alisema kweli. Muuza maziwa alipofika kituoni aliombwa risiti, naye hakuwa nayo kwa sababu baiskeli aliirithi kwa marehemu baba yake, wala namba ya fremu hakuwahi kuiandika popote. Simlaumu askari aliyekuwa zamu, maana hata angekuwa na nia njema kiasi gani, hakuwa na daftari la kufungua.

Pikipiki ina kadi ya usajili na kibao cha namba. Baiskeli inayobeba maziwa, mkaa, magunia ya mpunga na mwanafunzi anayekwenda sekondari ya kata haina chochote isipokuwa namba iliyogongwa chini ya fremu, pale ekseli ya pedeli inapopita, ambayo wenye baiskeli wengi hawajui hata kama ipo.

Ombi langu ni kwamba namba hiyo iunganishwe na alama ya msimbo wa QR itakayobandikwa kwenye fremu, ili yeyote mwenye simu ya kamera aisome na kujua papo hapo kama baiskeli imeripotiwa kuibwa. Jambo hili si geni kwetu: tangu mwaka 2019 stempu za kielektroniki zimebandikwa kwenye chupa za vinywaji, na mnywaji anaweza kuzihakiki kwa simu kabla hajafungua kizibo. Inashangaza kidogo kwamba tunaweza kuuhakiki uhalali wa chupa inayokwisha kwa nusu saa, lakini si wa chombo kinacholisha familia kwa miaka ishirini.

Wenzetu wamekwisha kuanza. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2021 baiskeli mpya inayouzwa na mfanyabiashara lazima iwe na namba ya utambulisho kwenye fremu, na kuanzia Julai mwaka huohuo sharti hilo likazifikia na zilizotumika zinazouzwa na wafanyabiashara. Namba hizo hukusanywa katika rejesta moja ya kitaifa, na mnunuzi anaweza kuangalia hali ya baiskeli kabla ya kutoa fedha. Japani nayo iliwataka wenye baiskeli kuzisajili tangu miaka ya 1990, na kibandiko cha usajili huonekana kwenye fremu zao.

Hata hivyo, Mheshimiwa, naomba tusidanganyane: kibandiko hakikati mkono wa mwizi. Anayejua kukata kufuli la mnyororo anajua pia kukwangua karatasi kwa kisu. Nguvu ya alama hii iko kwa mnunuzi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi hali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, na utetezi wa kila siku ni neno moja tu, "sikujua". Siku ambayo kujua kutahitaji sekunde chache za simu, neno hilo litakosa pa kusimama. Kwa hiyo wajibu wa kuhakiki uwekwe kisheria kwa wanunuzi wa baiskeli kuukuu, kwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu, na kwetu sisi mafundi, ambao ukweli usemwe, ndio tunaoombwa kupaka rangi na kubadilisha usukani bila kuuliza maswali. Fremu iliyokwanguliwa namba nayo ihesabiwe kuwa sababu tosha ya kukataa kuigusa.

Yapo mambo machache ambayo yakikosewa yatauharibu mpango. Wateja wangu wengi wanatumia simu za kitochi, hivyo uhakiki uwezekane pia kwa kuandika namba kupitia *152*00#, ambako wananchi tayari wanapata huduma za Serikali. Anayesoma alama aone hali ya baiskeli tu, si jina wala makazi ya mwenyewe, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotutaka kuheshimu faragha. Baiskeli za zamani zisizo na risiti zisajiliwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji mbele ya mashahidi wawili, na usajili huo uwe wa muda kwa siku 30 ili mwenye mali halisi apate kujitokeza, la sivyo wezi ndio watakaokuwa wa kwanza kupanga foleni. Baiskeli inapouzwa, mwenye mali amkabidhi mnunuzi namba ya siri, bila hiyo umiliki usihamishwe.

Kuhusu gharama, nasihi kwa unyenyekevu kwamba usajili wa kwanza uwe bure. Wazee wetu bado wanakikumbuka kibati cha leseni ya baiskeli na askari aliyekisaka njiani. Wakinusa harufu ya kodi, baiskeli zote zitalazwa ndani siku ya usajili.

Naomba Wizara yako ianze na wilaya moja, ikiwezekana ya kwetu, ambako baiskeli hazihitaji kutafutwa. Tangu mkasa ule naandika namba ya fremu ya kila baiskeli inayopita mikononi mwangu katika daftari la kurasa mia mbili, ambalo sasa limefika nusu. Wenye baiskeli wakiridhia, nitalikabidhi kwa ofisi utakayoielekeza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi baiskeli, Shinyanga