Kamati ya maafa ya mtaa wetu iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na naamini wenzetu wa Mwanza, Arusha na Mbeya hili nalo linawahusu.

Mimi nina fremu Kariakoo. Tarehe 16 Novemba 2024, ile Jumamosi asubuhi lilipoporomoka jengo la ghorofa nne, walioanza kuokoa watu ni machinga, wabeba mizigo, bodaboda na vijana wa stoo za jirani, wakaingia kwenye kifusi na nyundo na mikono mitupu wanavuta watu. Zimamoto wakaja, jeshi likaja, mitambo ikaja, kazi ikaenda siku kadhaa usiku na mchana, waliokuwa wamenasa chini wanapiga simu humohumo kwenye kifusi na wanapelekewa maji, glukosi na oksijeni. Zaidi ya watu 80 waliokolewa na waliofariki hawapungui 29, Mungu awarehemu. Kwahiyo sisemi serikali ilikaa tu, hapana, watu walipigana kweli. Nachosema mimi ni ile saa ya kwanza. Ile saa ya kwanza siku zote inatukuta sisi tuliopo mtaani, na sisi hakuna mtu aliyewahi kutuandaa.

Na sio kwamba sheria hakuna. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ipo, na imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka chini kabisa kijijini na mtaani. Sasa nenda kawaulize wafanyabiashara kumi wa Kariakoo kamati ya maafa ya mtaa wao ni akina nani, wanakutana wapi, namba zao za simu zipi. Mimi nimeuliza ofisi ya serikali ya mtaa ninakofanyia biashara nikaambiwa kamati ipo, ila likitokea jambo ndo inakaa. Yani inakaa likishatokea! Hapo inakuwa kamati ya kuandika majina ya marehemu na kugawa mablanketi, lakini maandalizi yenyewe yanafanywa lini na nani?

Kingine ambacho watu wengi hawakijui, zimamoto sio ya halmashauri. Zamani ilikuwa chini ya halmashauri, ila tangu sheria ya 2007 ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sina shida na hilo, shida yangu ni kwamba ukienda halmashauri kuulizia mambo ya moto unaambiwa nenda zimamoto, wakati njia ambayo gari la zimamoto linatakiwa kupita anayeisimamia ni halmashauri. Meza zinapangwa hadi katikati ya barabara na anayetoa utaratibu wa meza ni halmashauri. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri. Njooni saa 10 jioni mtaa wowote ule wa kati muone, turubai limefungwa toka ukuta huu mpaka ule wa pili, chini guta limekutana na kirikuu hakuna wa kurudi nyuma, mzigo umepangwa mpaka kwenye ngazi za jengo, na kwenye baadhi ya majengo mlango wa nyuma umewekwa geti na kufuli kwasababu ya wezi, funguo anakaa nayo mlinzi mmoja ambae mchana hayupo. Moto ukianzia ghorofa ya 3 watu wanatokea wapi? Na soko letu liliungua Julai 2021, sio kwamba tunaongea mambo ya kufikirika.

Alafu sasa hivi tumeambiwa Kariakoo ni biashara saa 24. Sawa kabisa, mimi mwenyewe nafungua usiku. Ila taa na ulinzi tumeahidiwa, kuhusu mtu akinaswa saa 8 usiku andagraundi sijasikia mtu akiongea.

Mambo ninayoyaomba hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kila mtaa uwe na kontena au chumba chenye nyundo kubwa, mitaimbo, jeki, machela, glavu, kofia ngumu, tochi na spika ya mkononi, na funguo ziwe kwa watu watatu wanaojulikana na wapo muda wote. Vijana 20 wa kila mtaa wafundishwe huduma ya kwanza na jinsi ya kutoa mtu kwenye kifusi bila kumuumiza zaidi, na wafundishwe wale wabeba mizigo hasa, maana hao ndo wanajua kila uchochoro na kila stoo. Njia ya dharura ichorwe rangi chini na isiwekwe meza hata kwa dakika moja, sisi wenyewe tutasimamiana. Namba 114 ya dharura ya zimamoto ibandikwe kila ngazi ya jengo, watu wengi wanaishia kumpigia ndugu yao kwanza. Na mara moja kwa mwaka tufanye zoezi, king'ora kilie, tutoke wote nje, tuhesabu dakika. Tunalipa ushuru wa huduma, leseni na ada za taka, hela ya machela haiwezi kukosekana.

Kuhusu vibali, jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka Ijumaa Kuu ya mwaka 2013 likaua watu 36, tukaambiwa majengo yatakaguliwa. Miaka 11 baadae likaanguka la Kariakoo, ikaundwa tume, ukaguzi tena. Sisi tunaopanda hizo ngazi kila siku tunaomba majibu ya kila jengo yabandikwe mlangoni, salama au sio salama, na kama andagraundi inachimbwa watu wakiwa juu wanauza, mpangaji ajue pa kupeleka taarifa bila kuogopa kufukuzwa kwenye fremu na mwenye nyumba.

Namuomba Mkurugenzi wa Jiji ajibu kupitia gazeti hilihili: kamati za maafa za mitaa ya Kariakoo ni zipi, wajumbe ni akina nani na mara ya mwisho zilikaa lini. Sisi wafanyabiashara tuko tayari kuchangia vifaa hata kesho, tuambiwe tu tumkabidhi nani.

Mfanyabiashara,
Kariakoo, Dar es Salaam