Barua ya wazi kwa Waziri wa Utafiti wa Kisayansi: dakika 40 za Nyiragongo

Goma, Oktoba 2022

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka wa 2021 ulitupiga mara nyingi huku mashariki mwa Kongo. Februari 7 Ebola ilitangazwa upya Butembo. Februari 22 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa kwenye barabara ya Rutshuru. Mei 3 Ebola ikatangazwa kuisha, na siku tatu baadaye Kivu Kaskazini na Ituri zikawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Hayo yana wenyewe wa kuyajibu. Lililo mezani kwako ni la Jumamosi, Mei 22.

Jioni ile mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka ubavuni, lava ikateremka hadi Buhene na kusimama karibu kabisa na uwanja wa ndege. Hakuna aliyekuwa ameonywa. Watafiti waliochambua rekodi za mitambo wanasema dalili zilianza kuonekana kama dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado haujatoka nje, ilikuwa tayari juu, ndani ya mlima wenye ziwa la lava lililodumu miaka mingi. Ukuta ulipochoka ukapasuka, bila ile mitetemeko ya siku kadhaa ya magma inayopanda kutoka chini. Kwa hiyo hatudai kwamba mitambo mizima ingetupa wiki moja. Tunadai dakika 40 zetu: zinamtosha mama wa Kibati kukusanya watoto na kusogea pembeni ya njia ya lava, mradi ajue ni upande gani.

Dakika hizo zinafika mjini tu kama kituo cha mlimani kina umeme, ishara inapita, kuna mtu wa zamu hata Jumamosi usiku, na ana ruhusa ya kupiga king'ora bila kusubiri simu ya mkubwa. Mwaka jana mnyororo huu ulikuwa umekatika mapema. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa OVG, kituo cha Goma cha kuchunguza volkano, uliisha 2020 bila kurudishwa, na kwa miezi mingi kituo kikakosa hata intaneti ya kupokea data. Ilirudi Aprili 2021, wiki chache tu kabla ya mlipuko.

Huko mlimani kinachoibwa kwanza ni betri, kisha paneli ya jua, maana vyote viwili vinawasha taa nyumbani. Sanduku la chuma lililozamishwa kwenye zege linasaidia, ila mlinzi wa kijiji cha jirani anayelipwa kila mwezi anasaidia zaidi. Akikosa mshahara miezi mitatu, usimlaumu. Betri za akiba zikae Goma, si Kinshasa.

Bendera za tahadhari za rangi nne, kijani, njano, chungwa na nyekundu, tunazijua. Lakini usiku bendera haionekani.

Kisha Mei 27. Alfajiri gavana wa kijeshi aliamuru kartie (mitaa ya mji) 10 kati ya 18 zihame, kwa kuwa magma ilikuwa imepita chini ya mji kuelekea ziwani, na Ziwa Kivu limebeba gesi nyingi mno kwenye kina chake. Amri ilikuwa na sababu. Utekelezaji ndio ulioshindikana: watu wengi mno walielekezwa Sake kwa barabara moja, saa zilezile, magari na wamotari (waendesha pikipiki) wakakwama, na Sake haikuwa na maji ya kuwatosha, wakati kipindupindu ni mwenyeji wa huku. Kila kartie ipangiwe mapema mahali pake na saa yake, na matangi na klorini vitangulie. Mjini kwenyewe, lava ilikuwa imeharibu mabomba makuu na tangi, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Mabomba yanayokatiza njia ya lava yawekewe vali pande zote mbili.

Redio nazo zitangaze mambo mawili kabla, si baada: ganda la lava likionekana jeusi na gumu, chini bado kuna moto na gesi, na wapo waliokufa wakilivuka, na mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayoua, hukaa mabondeni, basi wanaokimbia wasilale kwenye mashimo.

Bajeti ya 2023 bado haijapitishwa. Tunaomba fungu la OVG litaje intaneti, betri na walinzi, kila kimoja kwenye mstari wake, ili tuweze kufuatilia kipi kimelipwa.

Wakaaji wa kartie za kaskazini, Goma