Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: bei ya kuacha kazi ilishawekwa

Kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Social Security House, Bishops Road,
Nairobi.

KUH: FAINI ZA KUACHA KAZI MAPEMA KATIKA MIKATABA YA AJIRA

Mheshimiwa Waziri,

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilishaweka bei ya kuacha kazi. Kifungu cha 35 kinamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi. Kifungu cha 36 kinampa njia nyingine asiyeweza kungoja: alipe mshahara wa muda huo wa notisi, aende zake. Masharti hayo yanambana mwajiri kama yanavyombana mwajiriwa. Lakini mikataba ya hapa Nairobi, iwe ya shule za kibinafsi, hospitali, vituo vya kupokea simu, kampuni za programu za kompyuta au za ulinzi, inazidi kupachika bei ya pili juu ya hiyo, na tunakuomba uiondoe.

Bei hiyo ya pili huandikwa kwa namna mbalimbali. Iliyo nyepesi kuitambua ni ya jumla moja: "Mfanyakazi akiondoka kabla ya miezi 24 atailipa kampuni shilingi 200,000." Nyingine inadai mishahara ya miezi iliyobaki. Chukua mkataba wa miezi 24 kwa mshahara wa shilingi 35,000: anayeondoka baada ya mwezi wa 9 anadaiwa miezi 15, yaani shilingi 525,000. Mwajiri hakulipa senti ya mishahara hiyo, wala hatailipa kwa mtu aliyekwisha kuondoka. Ataajiri mwingine na kumlipa huyo kwa kazi atakayoifanya. Hasara yake halisi ni tangazo la kazi, siku za usaili, na pengine wiki kadhaa za kibarua wa kushikilia nafasi. Hizo hazifiki nusu milioni.

Mawakili wa waajiri hujibu kwamba mkataba ni mkataba, na aliyetia sahihi ametia. Sivyo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, imeipokea sheria ya kimila ya Uingereza kuhusu mikataba, na humo mna kesi ya Dunlop ya mwaka 1915. Kesi hiyo inauliza: je, kiasi kilichoandikwa ni makadirio ya kweli ya hasara, au ni kitisho cha kumzuia mtu? Iliongeza jambo ambalo kwetu ndilo zito zaidi, kwamba jumla moja inayodaiwa kwa kosa kubwa na dogo vilevile hudhaniwa kuwa adhabu. Shilingi 200,000 anazodaiwa aliyeondoka mwezi wa 2 ndizo anazodaiwa aliyeondoka mwezi wa 23. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikilegeza kipimo hicho, ikatazama kama mdai ana maslahi halali ya kulinda na kama kiasi kimepita mipaka. Hata kwa kipimo hicho kilicholegea, nusu milioni kwa mtu wa mshahara wa 35,000 ni vigumu kuitetea.

Tatizo ni kwamba vifungu hivi havifiki mahakamani. Havihitaji kufika. Mwajiri ana kitu chenye nguvu kuliko hukumu: mshahara wa mwisho.

Mambo huenda hivi. Barua ya kujiuzulu inapokelewa, na fomu ya kukabidhi vifaa inazungushwa kutoka ofisi hadi ofisi bila sahihi ya mwisho. Mwisho wa mwezi, mshahara, malipo ya siku za likizo ambazo hazikutumika na marupurupu yaliyobaki vinajumlishwa, kisha faini inatolewa humo. Jibu ni sifuri, pamoja na barua ya kudai salio. Halafu inaletwa hati ya kumalizana: tia sahihi kwamba hudai chochote, upewe cheti chako cha utumishi.

Kila hatua hapo ina kasoro ya kisheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kimetaja makato yanayoruhusiwa, na faini ya kuondoka mapema haimo. Humo mna marejesho ya mkopo wa fedha ambao mwajiri alimpa mfanyakazi kwa makubaliano ya maandishi, na ndiyo maana mikataba mingine siku hizi inaiita faini "mkopo". Lakini mkopo ni fedha iliyotoka mkononi mwa mtu ikaingia mkononi mwa mwingine. Jina halileti deni.

Hata kwa deni halali, kifungu hicho kinakataza makato yote kwa pamoja kupita theluthi mbili ya mshahara kwa wakati mmoja. Tufanye hesabu kwa mshahara wa shilingi 45,000. Theluthi mbili ni 30,000. Kodi ya mapato ya PAYE, akiba ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya SHIF na ushuru wa nyumba huchukua karibu 9,000, kwa hiyo mwajiri amebakiwa na nafasi ya kukata 21,000, basi. Mfanyakazi lazima aondoke na angalau 15,000 mkononi. Mwajiri anayedai zaidi aende mahakamani kama mdai mwingine yeyote. Lakini anachofanya, kwa faini ile ya 200,000, ni kuzichukua zote 36,000 zilizosalia na kuandika barua ya kudai 164,000 zaidi. Kifungu cha 25 kinalifanya kato lisilo halali kuwa kosa la jinai, lenye faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Cheti cha utumishi nacho si zawadi. Kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kukitoa kwa kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, na hakikusema "akishamaliza kulipa". Kumnyima mtu cheti ili alipe ni kumfungia mlango wa kazi ambayo ingemwezesha kulipa. Mwajiri anayeshikilia vyeti halisi vya masomo anakwenda mbali zaidi. Sheria, inapoeleza kazi ya kulazimishwa, inataja kazi inayotolewa kwa kitisho cha adhabu yoyote, pamoja na kitisho cha kupoteza haki. Hatusemi kila bondi, yaani ahadi ya kubaki kazini kwa muda fulani ama kulipa, ni kazi ya kulazimishwa. Tunasema mtu anayebaki kazini kwa sababu diploma yake imo kwenye kabati la meneja habaki kwa hiari.

Kwa nini basi wafanyakazi hawashtaki? Hesabu tu. Mahakama ya Madai Madogo, iliyo nyepesi na ya haraka, imekatazwa kusikiliza mambo ya ajira. Tangu mwaka 2018 mahakimu wateule husikiliza kesi za ajira ambapo mshahara wa jumla hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Wanaolipwa zaidi wanakwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kote huko mtu anapigania shilingi 36,000, na wakili anaweza kutaka zaidi ya hizo. Njia iliyobaki ni afisa wa leba, naye hana mwongozo wa maandishi kuhusu faini hizi. Mmoja anaziita makato haramu, mwingine anasema ni makubaliano ya watu wazima.

Bondi za mafunzo tunaziweka kando kwa sababu hapo mwajiri ana hoja. Ukimlipia fundi kozi ya nje, au rubani leseni ya aina fulani ya ndege, halafu mshindani akamchukua mwezi unaofuata, umepoteza fedha uliyoitoa kweli. Mwajiri huyo alindwe. Ila mafunzo ni nini? Kumweleza mhudumu mpya namna ya kuingia kwenye mfumo wa kampuni, kumtembeza idara kwa idara na kumkabidhi kitabu cha kanuni si elimu. Ni kumwonyesha mlango wa choo na wa kantini. Kipimo chetu ni rahisi. Je, alitoka na ujuzi au cheti kinachotambulika kwingine, na je, kuna risiti kutoka kwa aliyefundisha? Bondi isiyo na risiti ni faini iliyovaa joho.

Risiti ikiwapo, deni lipungue kila mwezi anaofanya kazi. Kozi ya shilingi 180,000 kwa bondi ya miezi 24 ni 7,500 kwa mwezi, hivyo anayeondoka baada ya miezi 18 anadaiwa 45,000. Kuna jambo jingine linalosahauliwa, pengine makusudi. Waajiri huchangia ushuru wa mafunzo wa NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani), shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kama kwa kozi hiyo NITA ilirudisha 60,000, gharama ya mwajiri ni 120,000, mwezi ni 5,000, na deni la miezi 6 iliyobaki ni 30,000. Mikataba haisemi lolote kuhusu fedha hizo, na kozi moja inaweza kulipwa mara mbili.

Hatukuombi uvumbuzi. Sheria ya Viwango vya Kazi ya Japani, ya mwaka 1947, inakataza katika kifungu cha 16 mkataba unaopanga mapema faini ya kuvunja ajira. Sheria ya Mikataba ya Kazi ya China, iliyoanza kutumika Januari 2008, inaruhusu bondi kwa mafunzo maalumu yaliyogharimiwa na mwajiri, kiasi kisizidi gharama hiyo, na mfanyakazi alipe tu sehemu ya muda uliobaki. Waajiri watakutajia India, ambako Mei 2025 Mahakama ya Juu iliunga mkono faini ya rupia 200,000 ya benki ya umma. Wasome mpaka mwisho: mahakama ilitilia maanani kwamba benki ya umma haiajiri kienyeji bali kwa mchakato wa wazi wenye gharama kubwa. Kampuni inayompigia mtu simu Ijumaa aripoti Jumatatu haiwezi kujifunika shuka hilo.

Tunaomba kanuni chini ya Sheria ya Ajira itakayobatilisha malipo yoyote ya kuondoka yanayozidi notisi, isipokuwa marejesho ya mafunzo yenye risiti, yaliyopunguzwa kwa miezi, baada ya kuondoa kilichorudishwa na NITA, na kwa bondi isiyozidi miezi 24. Notisi nayo iwe sawa kwa pande zote mbili. Sheria inaruhusu notisi ndefu kuliko siku 28, na baadhi ya mikataba humdai mfanyakazi miezi 3 huku mwajiri akijipa mwezi 1. Kwa kifungu cha 36, faini inarudi kwa mlango wa nyuma ikiwa mishahara ya miezi 3. Tena kifungu cha 19 kinakupa uwezo wa kutaja makato mengine yanayoruhusiwa. Tunakusihi usiutumie kwa faini hizi, hata ukiombwa kwa upole.

Kanuni huchukua muda. Waraka kwa maafisa wa leba hauhitaji Bunge. Uwaambie wakipokea lalamiko la aina hii wadai kwa mwajiri vitu vitatu: mkataba uliotiwa sahihi, risiti ya mafunzo, na hati ya mshahara wa mwezi wa mwisho inayoonyesha kila kato. Wakague pia tarehe ya notisi, kwa sababu mara nyingi mfanyakazi ametoa notisi, akaambiwa aondoke siku hiyohiyo, kisha akakatwa fedha za notisi. Kifungu cha 38 kinasema kinyume: mwajiri aliyeisamehe notisi ndiye anayelipa muda uliobaki, ila wakiwa wamekubaliana vingine.

Wako,

Wahasibu wa mishahara, maafisa wa utumishi na wawakilishi wa wafanyakazi,
Nairobi.