Mnunuzi wa nyumba apewe ripoti ya uthamini anayoilipia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowaumiza wanaonunua nyumba kwa mkopo wa benki hapa Tanzania. Mnunuzi hutozwa gharama za uthamini, yaani kazi ya mtaalamu ya kukadiria thamani ya nyumba, lakini ripoti huandikwa kwa jina la benki na kupelekwa benki, naye huambiwa tu kwamba mkopo umepita.

Ndivyo nilivyonunua nyumba yangu kando ya barabara kuu. Ripoti, ambayo niliipata baada ya kuhamia, ilijumuisha katika thamani ya soko fremu za maduka zilizo mbele ya nyumba, bila kutaja popote kwamba zimo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando ya barabara lililotengwa kwa ajili ya barabara yenyewe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi hiyo kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara, na anayeishi maeneo haya anajua vizuri kwamba alama ya X nyekundu ukutani ina maana kuwa jengo linatakiwa kubomolewa. Mthamini alifika, akapiga picha fremu hizo, akazipa bei. Marejesho ya mkopo ninayolipa kila mwezi yanabeba bei hiyo.

Nakubali kwamba wathamini wawili waangalifu wanaweza kutofautiana kuhusu bei, na tofauti ya namna hiyo peke yake si uzembe. Kosa la ukweli ni jambo jingine: ukubwa wa kiwanja usiolingana na hati miliki, jengo lililovuka mpaka, au nyufa za msingi zisizotajwa. Aliyekutana na kosa kama hilo aombe nakala ya ripoti kwa maandishi, amtafute mpima ardhi na mthamini mwingine aliyesajiliwa ili aeleze thamani ilivyokuwa tarehe ileile ya ripoti ya kwanza, kisha aipelekee kampuni ya mthamini wa kwanza dai lake. Malalamiko ya nidhamu yapo chini ya Bodi iliyoundwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016; fidia hudaiwa mahakamani. Asichelewe, kwa sababu mnunuzi asiye na mkataba na mthamini atalazimika kudai kwa msingi wa uzembe, na muda wa kufungua shauri la aina hiyo ni miaka 3, wakati dai la mkataba lina miaka 6.

Mwaka 1989, katika shauri la Smith dhidi ya Eric S. Bush, Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, liliamua kwamba mthamini aliyeteuliwa na mkopeshaji anawajibika pia kwa mnunuzi wa nyumba ya kawaida, kwa kuwa anajua kwamba mnunuzi huyo ndiye atakayeitegemea kazi yake. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini hoja yake inatuhusu kabisa.

Ninaiomba Bodi na wasimamizi wa mabenki waweke sharti kwamba mnunuzi akabidhiwe ripoti kamili kabla ya kusaini mkataba wa mkopo, jina lake liandikwe humo pamoja na la benki, na mthamini aeleze kwa maandishi kama amelinganisha mipaka ya kiwanja na ramani ya upimaji na hifadhi ya barabara.

Mnunuzi wa nyumba,
Dar es Salaam