Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kombe, Chaza na Maji Yetu

Assalam aleikum mama zangu, dada zangu na ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia bahari, maana ndiyo iliyotukutanisha kwenye chama hiki.

Mwaka huu bamvua nyingi tumerudi na ndoo nusu. Sababu moja tunaijua: tumechokoa hadi kombe wachanga, na hilo ni letu kulirekebisha. Lakini lipo lingine lisiloonekana kwa macho. Karibu robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, magari, viwanda na mitambo ya umeme, hunywewa na bahari, na ikishayeyuka majini huleta tindikali. Tangu viwanda vianze duniani, pH ya maji ya juu ya bahari, yaani kipimo ambacho hushuka tindikali inapozidi, imeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Msiidharau nukta hiyo moja. Kwa jinsi kipimo chenyewe kilivyo, tindikali imepanda kwa karibu asilimia 30.

Mtakumbuka siku tulipotumbukiza gamba la kombe kwenye bilauri ya siki. Lilitoa povu jembamba, na kesho yake lilikwanguka kwa kucha. Bahari haijawa siki. Taabu yake ni kwamba tindikali inapunguza kaboneti, ambayo kombe, chaza na matumbawe huitumia kujengea chokaa ya miili yao. Aliyekomaa huvumilia. Kichanga cha siku mbili, kinachojenga gamba lake la kwanza, huishiwa nguvu kikafa.

Haya yameshawafika wenzetu. Kuanzia 2007 vituo vya kuzalisha chaza huko Oregon na Washington, Marekani, vilipoteza vichanga kwa mamilioni, hadi ikagundulika kuwa maji waliyovuta kutoka baharini yalikuwa na tindikali kuliko kawaida. Siku hizi huyapima na kuyatia magadi ya kiwandani, jamaa wa haya tunayotia kwenye maharage. Lakini hayo ni maji ya matangi. Nani atatia magadi bahari nzima?

Na hasara haiishii kwa kombe. Pweza anakula kaa na kombe. Changu anavunja magamba kwa meno yake. Tumbawe likidhoofika, samaki wa mwambani wanakosa pa kujificha. Kwa hiyo hata wanaume wa ngalawa na mishipi, hili linawahusu.

Kuna tunaloliweza. Nyasi za bahari hunyonya hewa ukaa mchana na kuyapunguzia tindikali maji yanayozizunguka, nasi bado tunaruhusu juya la kukokota lizing'oe. Hilo linaniuma sana. Kamati inapendekeza mambo mawili: juya lisipite kabisa kwenye nyasi, na mwamba tulioufunga miezi mitatu ufungwe miezi mitatu mingine, ili kombe wazae kabla hatujawagusa. Kura itapigwa leo, mara tu mweka hazina atakapomaliza.