Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama: Hali ya Kinamasi cha Mara, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, viongozi wa vijiji vya Rorya, Butiama na Tarime, wageni wetu kutoka bonde, karibuni.

Mhazini atasoma hesabu baada yangu na katibu atasoma taarifa ya uanachama, kwa hiyo sitawatangulia. Mimi nina jambo moja ambalo limebeba sehemu kubwa ya mwaka wetu, na ndilo lililoleta maneno mengi vijiweni: kwa nini fedha kidogo tuliyokuwa nayo tuliipeleka kwenye vipimo vya maji badala ya kununua miche kama ilivyozoeleka.

Machi 2022 hakuna aliyeisahau. Maji ya Mara yaligeuka meusi, yakatoa harufu, samaki wakaelea hadi kwenye daraja la Kirumi, na kwa muda tukakatazwa kuyatumia maji yale. Kamati iliyoundwa na serikali ilipotoa majibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, nchi nzima ilicheka. Ng'ombe wa Mara wakawa gumzo la mitandaoni. Wengi wetu hapa tuliamini, na wengine bado wanaamini, kwamba ni sumu ya migodi. Mimi sikucheka, wala sikuitikia amina. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya maji yaliyochotwa baada ya samaki kufa, na sisi tunaoishi hapa hatukuwa na hata daftari moja la kuonesha maji yalikuwaje Desemba, Januari na Februari. Ukikosa kumbukumbu za siku njema, siku mbaya ikija kila mtu anakuja na mshukiwa wake.

Na hoja ya kinyesi si ya kuchekwa. Huko juu, upande wa Kenya, watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao wameutazama mto huu huu kwa miaka. Viboko wa eneo la Maasai Mara ni zaidi ya 4,000, na kwa siku moja wanaingiza majini kiasi cha tani 36 za kinyesi. Wakati wa kiangazi mabwawa yao hutuama, kinyesi hulala chini na kuoza, oksijeni ikaisha. Mvua kubwa ikinyesha ghafla, maji yale mafu husukumwa yote kwa mkupuo kuelekea chini. Katika utafiti wao uliotoka mwaka 2018 kwenye jarida la Nature Communications, walirekodi katika miaka 3 matukio 49 ya mto kujaa na oksijeni kushuka. Katika matukio 13 kati ya hayo ilishuka hadi kiwango cha hatari. Ndani ya miaka 5 walishuhudia samaki kufa kwa wingi mara 9, na yote haya hayakuhitaji kiwanda wala mgodi.

Lakini kiboko si ng'ombe, na kinyesi hakina zebaki. Kinyesi kikithibitika, hakimpi mtu mwingine yeyote hati ya usafi. Wachimbaji wadogo wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki karibu na vijito vinavyomwaga Mara wanapaswa kupimwa kwa kipimo chao, nacho ni cha maabara, cha matope na nyama ya samaki. Kifaa chetu cha mkononi cha kupima oksijeni hakiwezi kazi hiyo. Hilo tumeliandikia ofisi za bonde na tutaendelea kuliandikia.

Sasa nije kwenye kinamasi chenyewe, maana hapo ndipo wanachama wengi wamekuwa wakiniuliza swali lililo kinyume. Wanasema: Mwenyekiti, unalia kinamasi kinaumwa, mbona kila mwaka kinakula mashamba yetu? Ni kweli kinapanuka. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti za mwaka 1973 na za mwaka 2000 waliona eneo la ardhioevu katika bonde letu limeongezeka kwa asilimia 387, yaani karibu mara tano. Katika kipindi hicho hicho misitu ya bonde ilipungua kwa asilimia 32 na mashamba yakaongezeka mara tatu. Tarakimu ya ardhioevu msiishike kama msahafu, kwa sababu mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa ukame havitoi picha inayolingana, lakini mwelekeo wake wazee wetu wanaujua bila setilaiti. Udongo unaotoka miteremko ya Mau huko Kenya, mto unakoanzia, na mashamba ya njiani unakuja kutua hapa, mkondo unaziba, maji yanatafuta njia mpya, mafunjo yanafuata. Upande wa chini nako Ziwa Victoria linasukuma. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 na tena 2024 lilifika viwango vya juu kabisa. Ziwa likipanda, mto wetu hauna pa kumwagia haraka, maji yanarudi nyuma.

Kwa hiyo kupanuka si kunenepa. Kinamasi kinachopanuka kwa kumezeshwa tope ni mgonjwa aliyevimba, na anayempima mgonjwa huyo kwa upana wa mwili wake atasema ana afya.

Tulianza kupima tukiwa na mkanganyiko mmoja uliotusumbua kweli, na nautaja kwa sababu wengi wenu mnaokuja zamu za alfajiri mmeuona kwa macho. Ukipiga kasia ukaingia ndani ya mafunjo yaliyoshikana, ukashusha kipimo cha oksijeni kabla ya jua kuchomoza, namba inayoonekana kwenye kioo ni ndogo ya kutisha. Vijana wa kwanza walirudi wakipiga kelele kwamba maji yamechafuliwa. Hayakuchafuliwa. Ndani ya mafunjo ndivyo yalivyo siku zote: kivuli kizito, mizizi inayoelea, majani yanayooza, upepo hauingii, na usiku hakuna mwanga wa kuwezesha mimea midogo ya majini kutoa oksijeni. Ndipo tukaweka utaratibu wa vituo vitatu kila zamu: ndani ya mafunjo, ukingoni pa mafunjo, na katikati ya mkondo. Ndani pakiwa chini, tunaandika na kuendelea. Mkondo ukishuka nao ukakaribia miligramu 2 kwa lita, hapo tunapiga simu. Na nawakumbusha wenye zamu: kipimo chetu ni cha aina ya kizamani yenye utando, chenyewe kinakula oksijeni kinapofanya kazi, hivyo lazima ukitikise taratibu majini. Ukikiacha kimetulia kinakudanganya.

Hali hiyo ya ndani ya mafunjo ndiyo inayowalinda samaki wetu wadogo. Sangara hawezi maji yenye oksijeni haba. Furu wengi wanaweza, na kamongo na kambare mumi wanapanda juu kuvuta hewa. Utafiti wa Lauren Chapman na wenzake huko Uganda, katika ziwa Nabugabo, ulionesha kwamba vinamasi ndiyo maficho ya spishi ambazo sangara alizifuta kwenye maji ya wazi. Anayefyeka mafunjo ili "kusafisha" ukingo anamfungulia sangara mlango wa kitalu. Kazi nyingine ya mafunjo ni kwenye mbolea na uchafu: tope linatua kati ya mashina, na kwenye matope yasiyo na oksijeni bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayopanda zake hewani. Kazi hiyo ina kikomo. Tope na kinyesi vikizidi, kichujio kinaziba.

Wapo waliotaka pia tuhesabu wadudu wa majini kwa mfumo wa TARISS uliotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania, ambao huwapa wadudu alama kadiri wasivyostahimili uchafu. Ni mfumo mzuri, na kwenye vijito vyenye mawe huko juu tutautumia. Kinamasini utatupa alama za chini mwaka mzima hata kama maji ni salama, kwa kuwa wadudu wenye alama za juu hupenda maji yanayokwenda kasi.

Sasa suala la miche. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tuache mita 60 kutoka ukingoni bila shughuli za kudumu zinazoharibu. Tumezoea kuzijaza mita hizo kwa miti tunayopewa bure, wakati mwingine mikaratusi inayokunywa maji kuliko ng'ombe, tukapiga picha na mgeni rasmi, mbuzi wakamaliza mengine. Kamati yenu ilisema hapana mwaka huu. Mafunjo hayahitaji kupandwa, yanahitaji kuachwa. Yakikatwa kwa zamu, shina la chini likabaki, hurudi yenyewe ndani ya mwaka. Yakichomwa wakati wa kiangazi ili nyasi changa zitoke kwa ajili ya mifugo, kisha yakakanyagwa, hayarudi, na mahali pake panabaki tope jeusi na majani yasiyo na faida kwa mtu wala samaki.

Hapo ndipo tulipogombana, na sioni aibu kusema. Wafugaji walitushutumu kwamba tunataka ng'ombe wafe kiu. Hoja yao ina uzito: kiangazi kikikaza, malisho ni kinamasini tu. Makubaliano tuliyofikia, baada ya vikao vilivyochosha kila mtu, ni kwamba mifugo ishuke kwa njia zilizotengwa, na jumuiya isimamie ujenzi wa mbauti za kunyweshea nje ya mita 60. Mbauti ya kwanza imekamilika na inatumika. Ya pili imesimama kwa kukosa saruji. Akina mama wanaosuka mikeka wamekubali ramani ya zamu za kukata mafunjo, na kwa ukweli hao ndio walioitii kuliko kundi lolote.

Gugumaji lipo, limepungua upande wetu, na mbawakavu waliopandikizwa ziwani miaka ya 1990 bado wanaonekana wakitoboa majani. Wanachama wanaolichota wasilirundike ukingoni. Likioza pale, linarudisha majini kila kitu lilichokuwa limebeba.

Julai mwaka huu nchi wanachama wa Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, zilikutana Victoria Falls, Zimbabwe, na ripoti iliyotolewa wiki hizo ilikadiria kwamba dunia imepoteza asilimia 22 ya ardhioevu zake tangu 1970. Tanzania ina maeneo manne kwenye orodha ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Letu halimo. Wapo wanaodhani tukiingia orodhani fedha zitamwagika. Waulizeni watu wa Kilombero, ambao wamo tangu 2002, kama jina peke yake lilizuia mashamba. Mimi naunga mkono tuombe, lakini kwa kuwa huku kuna yule ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano asiyeishi penginepo ila kwenye mafunjo, kuna nzohe, yule swala wa vinamasini, na sasa tunaanza kuwa na daftari.

Theluthi mbili ya bonde la Mara iko Kenya. Kila Septemba 15, Siku ya Mara, tunakutana na wenzetu, tunacheza ngoma na kusikiliza hotuba. Kamati inaomba ridhaa yenu mwaka ujao tuende na daftari la vipimo, na tuombe wenzetu wa juu watutumie ujumbe mto unapojaa ghafla baada ya ukame. Tukipata taarifa mapema, wenye vizimba vya samaki wanaweza kuvua kabla, na wachota maji wanaweza kujaza mapipa.

Maombi mawili kabla sijampisha mhazini. Utando wa kipimo umechakaa na wa kubadilisha unauzwa Mwanza. Bei ataitaja yeye. Na zamu ya alfajiri upande wa Tarime imebaki na mtu mmoja, baada ya mwenzake kuhamia mjini. Anayejua kupiga kasia na kuandika namba zinazosomeka ajiandikishe kwa katibu leo.