Msitie uduvi kwenye maji ya jana

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua kwa jambo dogo linalokula fedha za watu na kuua wanyama bure. Ni wale uduvi wekundu wa Hawaii wanaouzwa mtandaoni ndani ya mpira wa kioo uliozibwa, tangazo likiapa kwamba hawataki kulishwa wala kubadilishiwa maji. Mnunuzi mwenye huruma huuvunja mpira ili awape nafasi, naye hukosea kwa upande wa pili: jioni anakoroga maji na chumvi, asubuhi anawamimina humo. Baada ya wiki mbili hana kitu.

Kinachowaponza watu ni uvumilivu wa mnyama mwenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Halocaridina rubra. Wahawaii humwita ʻōpae ʻula, maana yake uduvi mwekundu. Hazidi sana sentimita moja. Kwao anaishi katika vidimbwi vya miamba ya volkano karibu na ufuo, vidimbwi ambavyo juu havikuungana na bahari, ila chini kwa chini maji ya chumvi hupenya kwenye nyufa na kukutana na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayoshuka kutoka milimani. Chumvi hupanda na kushuka, naye amezoea yote. Akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 20. Ndani ya mpira uliozibwa hafi upesi, hudhoofu taratibu kwa miezi, pengine kwa miaka, na muuzaji husema, "Si unaona, bado yupo."

Tuseme kwa kupita kwamba huko Hawaii baadhi ya vidimbwi vimeharibiwa na samaki walioletwa, na mmojawapo ni perege wa Msumbiji, ndugu wa perege tunaowajua. Kwa hiyo uduvi hawa wasichanganywe na samaki wa aina yoyote, hata awe mdogo vipi.

Sasa chumvi, maana ndipo makosa yanapoanzia. Chumvi ya mezani haifai. Wengi hudhani sumu ni yale madini joto, lakini tatizo kubwa ni kile ambacho hakimo. Chumvi ile ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, wakati uduvi anahitaji kalsiamu na magnesiamu ili ajenge gamba jipya kila anapojivua. Wapo wanaojiona wajanja wakanunua chumvi ya mawe iliyotoka moja kwa moja kwenye majaruba, wakisema hiyo si ya kiwandani, ni bahari yenyewe. Sivyo. Maji ya bahari yanapokauka kwenye jaruba, kalsiamu hutangulia kuganda na kubaki chini. Chumvi huganda baadaye. Na magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Kinachoingia kwenye gunia ni sehemu ya bahari tu, na uduvi hawezi kujengea gamba.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni chumvi maalumu ya matangi ya baharini, gramu 16 hivi kwa kila lita ya maji. Kwa lita 8 pima gramu 130. Hapo utapata chumvi ya sehemu 15 kwa 1,000, chini kidogo ya nusu ya bahari. Njia ya pili ni nafuu kwa aliye pwani: maji ya bahari sehemu tatu, maji baridi sehemu nne. Bahari yetu ni takribani 35 kwa 1,000, kwa hiyo lita 3 za bahari na lita 4 za maji baridi zinakupa 15 ileile. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mlango wa mto, na si siku ya mvua. Yapitishe kwenye kitambaa safi, kisha yaweke gizani ndani ya ndoo yenye kifuniko kwa wiki mbili ndipo uyatumie. Hakikisha kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji, isome kati ya 1.010 na 1.011 maji yakiwa nyuzi 25. Ukitumia rifraktomita, inayopima chumvi kwa mwanga kupitia tone la maji, anza kwa kuisawazisha kwenye sifuri kwa maji yaliyokenekwa.

Maji baridi nayo yana mambo yake. Ya bomba yana klorini: yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku pampu ndogo ikitoa viputo, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Ya mvua ni mazuri, ila si yaliyotiririka juu ya mabati, kwa sababu zinki inayopakwa mabati ni sumu kwa jamii yote ya kamba, uduvi wakiwemo, kama ilivyo shaba. Kwa sababu hiyohiyo, dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi hili hata tone.

Tangi la lita 10 linatosha. Chini tandaza mchanga mweupe wa pwani uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, usizidi sentimita 2. Ukiwa mnene zaidi hewa haifiki chini, na siku utakapouvuruga utasikia harufu ya yai viza, nayo ni gesi inayoua. Juu panga mawe mepesi ya volkano yenye matundu, maana uduvi hupenda kuingia na kutoka humo. Ongeza vipande viwili vitatu vya jiwe la matumbawe, lile la kujengea lililochimbwa nchi kavu. Usivunje matumbawe ya baharini. Jiwe hili lina kazi: bakteria wanapofanya shughuli yao hutoa asidi, nalo huyeyuka polepole na kuyashikilia maji kwenye pH (kipimo cha asidi) 8 na ushee. Mashine ya kuchuja haihitajiki. Ukitaka sana, weka sponji inayoendeshwa na viputo vya taratibu. Zile zenye injini huwavuta ndani watoto wa uduvi.

Tangi likishajaa, lazima likomae bila mnyama ndani yake. Kinachosubiriwa ni makundi mawili ya bakteria: la kwanza hugeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa wanyama na vitu vinavyooza, kuwa nitriti, nayo ni sumu, la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mwani hula. Makundi haya hayaji bila chakula, kwa hiyo lazima uyape amonia. Aliye na kloridi ya amoniamu, ile ya maabara za shule, ayeyushe gramu 6 kwenye lita 1 ya maji, kisha atie mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya tangi. Hiyo inaleta miligramu 2 za amonia kwa lita. Asiye nayo afunge robo gramu ya uduvi wakavu wa sokoni, wasiotiwa chumvi, ndani ya kitambaa na kuwaacha waoze ndani ya maji. Watatosha watano au sita, hutegemea ukubwa. Akitia kiganja kizima, amonia itapanda mpaka iwazuie bakteria wenyewe, na chumba kitanuka.

Pima kila baada ya siku mbili kwa vipimo vya matone. Vile vya karatasi hudanganya. Soma rangi kwenye kadi ya maji chumvi, maana kadi ya maji baridi hutoa jibu jingine. Utaona amonia imepanda, kisha baada ya siku kumi hivi nitriti inajitokeza, na inaweza kukaa juu kwa wiki tatu mpaka mtu aape kwamba kipimo kimeharibika. Hakijaharibika. Kundi la pili huongezeka polepole kuliko la kwanza, na kwenye maji ya chumvi mwendo wake ni mzito zaidi. Joto la pwani linasaidia. Kwenye nyumba yenye ubaridi, kama Iringa au Ulaya wakati wa baridi, hesabu wiki mbili zaidi. Ukipata sponji iliyokwisha kukaa kwenye tangi la maji chumvi la mtu mwingine, ikamulie ndani ya lako. Ya tangi la maji baridi haina faida kubwa, kwa kuwa bakteria wake hawajazoea chumvi. Wiki ya kwanza maji yakipauka kama tui jepesi, usiyabadilishe, yatajisafisha.

Mtihani ni huu: tia tena dozi ileile ya miligramu 2, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zisome sifuri. Kwa kawaida hilo hutokea kati ya wiki ya tano na ya nane. Kwa nini ukali wote huu? Kwenye pH 8.2 na joto la nyuzi 28, karibu sehemu moja ya kumi ya amonia yote huwa ile inayochoma matamvua. Kwenye tangi la maji laini yenye asidi kidogo kiasi hichohicho kisingemtisha mtu.

Na hata baada ya mtihani, subiri. Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema kipimo kikisoma sifuri kazi imekwisha. Uduvi huyu hula utando wa mwani na vijidudu ulioshika mawe, na wiki ya nane utando huo bado mwembamba. Washa taa ndogo ya wati 5 kwa muda wa saa 8 kila siku, usiweke tangi kwenye jua la dirisha, na ngoja mpaka ukipitisha kidole kwenye jiwe uhisi utelezi na uone kidole kimekuwa cha kijani. Kwa kawaida ni mwezi wa tatu. Hapo tia uduvi 10 hadi 15, huku maji ya tangi yakiingia tone kwa tone kwenye chombo chao kwa muda wa saa mbili. Wakipauka siku za kwanza ni woga, wekundu hurudi. Chakula cha kununua kisizidi nusu punje ya mchele kwa wiki mbili, na mwani ukionekana, usiwape kabisa. Utando wa kibluu unaonuka ni dalili kwamba umewalisha kupita kiasi.

Maji yakipungua, ongeza maji baridi peke yake, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Lita 8 zikishuka kuwa 6, chumvi imetoka 15 ikafika 20. Chora mstari kwenye kioo na ujaze hadi hapo kila wiki.

Limebaki la mbu, na kwetu ndilo linaloua matangi mengi kuliko nitriti. Maji yaliyotulia ni kitalu, na chumvi si kinga: Anopheles merus wa pwani ya Afrika Mashariki huzaana kwenye maji ya chumvichumvi. Basi mtu hufunika tangi kwa kipande cha chandarua cha zahanati. Chandarua hicho kimetiwa dawa ya kuua wadudu, na kamba ni jamaa wa karibu wa wadudu. Asubuhi wote wamelala chali. Dawa ya kupuliza chumbani ni hivyohivyo, hata ikipulizwa mita tatu kutoka hapo. Funika kwa shashi isiyotiwa dawa au kioo chenye upenyo mdogo, na viluwiluwi ukiwaona wachote kwa kijiko.

Siku utakapoona jike amebeba chini ya tumbo mayai mekundu kama punje za ulezi, usimguse wala usimhamishe. Hubeba machache, kumi na kitu, kwa zaidi ya mwezi. Watoto wakitoka huelea vichwa chini kama vijiti vidogo vya rangi ya machungwa, nao siku za mwanzo hawali kitu, kwa kuwa wamezaliwa na akiba ya mafuta ya yai.

Ni sisi,
Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Tanga.